Somo kwa Walimu wa Kwaya: Kupanga na Kuchapa Nota za Kwaya na Vyombo



Somo letu la safari hii ni la kazi ya mikono. Tutajifunza namna ya kupanga nota za wimbo kwa kompyuta na kuzichapa, pale ambapo wimbo una sauti nne za waimbaji pamoja na vyombo kadhaa. Zamani kwaya nyingi ziliimba bila chombo, au kwa kinanda kimoja tu. Siku hizi si ajabu kukuta kinanda, filimbi, fidla, tarumbeta na tromboni katika ibada moja ya sikukuu. Kundi la namna hiyo, hata likiwa na wapigaji 8 au 10 tu, lahitaji nota zile zile zinazohitajiwa na okestra kubwa: nakala moja ya mwongozaji yenye sauti zote, na nakala za wapigaji, kila mmoja na yake.

Jambo tunalotaka kulikaza ni moja. Karatasi ya nota hupangwa kwa ajili ya mtu atakayeisoma akiwa anapiga au anaimba. Mwenye kulikumbuka hilo hatapotea sana, hata kama kompyuta yake ni ya zamani na karatasi zake ni chache.

1. KWA NINI TUSUMBUKE KUCHAPA?

Wako wanaosema, "Sisi wimbo tunaushika kichwani, karatasi za nini?" Tuwajibu kwa habari ya kweli. Wimbo wetu wa taifa, Mungu Ibariki Afrika, unatumia sauti iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwongozaji wa kwaya huko Johannesburg, Afrika Kusini. Sontonga aliziandika nyimbo zake kwa mkono, kwa solfa, ndani ya daftari. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Daftari lile liliazimwa na walimu wengine wa kwaya, likapita mkono hata mkono, mwisho likawa mali ya mtu mmoja wa jamaa yake. Huyo naye alipofariki, daftari halikuonekana tena katika vitu vyake. Wimbo uliokuwa umekwisha kunakiliwa na kuimbwa na wengi umefika kwetu na kwa mataifa mengine. Nyimbo zilizobaki ndani ya daftari tu zilipotea pamoja nalo.

Sasa tujiulize: katika mitaa yetu kuna madaftari mangapi ya namna hiyo? Ziko nyimbo zenye mahadhi ya Kibena, Kipangwa na Kikinga ambazo zimo katika kichwa cha mwalimu mmoja, au katika daftari moja lililowekwa chini ya kitanda. Mvua ikivuja, au mwalimu akihamia mbali, wimbo umekwenda. Kwa hiyo kuchapa kuna faida mbili: mpigaji wa leo apate kusoma, na mwimbaji wa kesho apate kurithi.

2. SOLFA NA MISTARI MITANO

Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa: d, r, m, f, s, l, t. Njia hii ilianza Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, aliianzisha, na mchungaji John Curwen akaiendeleza baada ya mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull mwaka 1841, ambao ulimwomba atafute njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Njia hiyo ilienea sana kwa sababu moja ya kichapishaji: solfa huchapwa kwa herufi za kawaida na alama za kawaida. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato huligawa robo, na kistari huendeleza sauti. Mtu mwenye mashine ya kuchapa barua aliweza kuchapa wimbo.

Nota za mistari mitano zilikuwa na shida tangu mwanzo. Ottaviano Petrucci, aliyechapa kitabu cha nyimbo kwa herufi za chuma huko Venice mwaka 1501, ilimlazimu kupitisha kila karatasi mashineni zaidi ya mara moja, maana mistari na nota hazikuweza kuchapwa pamoja. Leo kompyuta imeondoa shida hiyo. Hata hivyo tofauti ya wasomaji imebaki: waimbaji wetu wanasoma solfa, na wapiga fidla na tarumbeta wanasoma mistari. Mwalimu asilazimishe kundi moja lifuate jingine. Wapigaji wapewe mistari, waimbaji wapewe solfa na maneno, na mwongozaji awe na nakala inayounganisha yote.

Ukiandika solfa kwa programu ya kawaida ya kuandikia barua, usipange mapigo kwa kubonyeza nafasi nyingi nyingi. Ukibadilisha aina ya herufi, kila kitu kitahama, na pigo la tena halitakaa tena chini ya pigo la soprano. Tumia jedwali: kila pigo chumba chake, na sauti nne zikae moja chini ya nyingine. Halafu ondoa mistari ya jedwali isionekane.

3. PROGRAMU IPI?

Programu za kuandikia nota ziko nyingi. Finale ilianza kuuzwa mwaka 1988, Sibelius mwaka 1993, na Dorico mwaka 2016. Hizo ni za kununua. MuseScore na LilyPond ni za bure, na kwa walimu wengi wa kwaya MuseScore yatosha kabisa.

Lakini tujifunze jambo kutoka kwa Finale. Mwezi Agosti 2024 wenyewe walitangaza kwamba hawataiendeleza tena, baada ya miaka zaidi ya 35. Watu waliokuwa na nyimbo zao zote katika mafaili ya Finale walilazimika kuzihamisha. Hivyo, programu yoyote utumiayo, kila wimbo uutunze kwa namna tatu: faili la programu yenyewe, faili la MusicXML, ambalo programu nyingine zaweza kulifungua, na faili la PDF, ambalo ni picha ya kurasa kama zilivyo. Tena uwe na nakala ya karatasi. Daftari la Sontonga lilipotea kwa kuwa moja. Na faili likiwa moja tu, nalo laweza kupotea.

4. NOTA KWANZA, SURA BAADAYE

Kosa linalopoteza muda mwingi ni kuanza kupamba ukurasa kabla ya nota kukamilika. Ukiongeza kipimo kimoja baadaye, mpango wote wa kurasa unavurugika. Fuata taratibu hii:

(a) Andika nota zote za sauti zote hadi kipimo cha mwisho.
(b) Andika maneno chini ya nota, silabi kwa silabi.
(c) Weka alama za sauti kubwa na ndogo, za marudio, na za mwendo. Alama za sauti kubwa na ndogo ziwekwe kwa kila chombo. Mpiga tarumbeta haoni alama uliyoiweka kwenye mstari wa soprano peke yake.
(d) Weka herufi za mazoezi, A, B, C, kila mahali wimbo unapobadilika, na namba ya kipimo mwanzoni mwa kila mstari. Mwongozaji akisema, "Tuanze B," wote waanze pamoja bila kuhesabu.
(e) Sahihisha.
(f) Hapo ndipo ugeukie sura ya kurasa.

5. NAKALA ZA WAPIGAJI

Programu zitatoa nakala ya kila chombo kutoka katika nakala ya mwongozaji. Usiziandike upya. Ukisahihisha nota moja kwa mwongozaji, nakala ya mpigaji nayo itasahihishwa.

Hapa yapo mambo mawili ya kuangalia sana.

La kwanza ni vyombo vinavyohamisha sauti. Tarumbeta nyingi ni za B-flati, na vile vile klarineti nyingi. Mpigaji akisoma C, chombo chatoa B-flati. Kwa hiyo wimbo wenye doh F utaandikwa kwa tarumbeta hiyo kama wenye doh G. Saksafoni ya alto ni ya E-flati. Wimbo huo huo kwake utakuwa na doh D. Programu yafanya hesabu hiyo yenyewe, mradi umechagua chombo sawasawa tangu mwanzo.

Lakini usichape kabla ya kumuuliza mpigaji. Katika vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, wapigaji hufundishwa kusoma sauti kama inavyosikika, hata kama tarumbeta yao ni ya B-flati. Mapokeo hayo yaliletwa na wamisionari wa Kijerumani katika sehemu mbalimbali za nchi yetu. Basi huenda mpigaji uliyemwalika kutoka kanisa la jirani amefundishwa hivyo. Ukimpa nakala iliyohamishwa, atakosana na kinanda kwa sauti nzima tangu nota ya kwanza. Swali moja kabla ya kuchapa laokoa zoezi zima.

La pili ni kimya. Tarumbeta ikinyamaza vipimo 24, usimchapie vipimo 24 vitupu. Programu yaweza kuvikusanya kuwa kipimo kimoja chenye namba 24 juu yake. Lakini kimya kirefu kikatwe penye herufi ya mazoezi: kwa mfano 16, kisha B, kisha 8. Na kabla mpigaji hajaingia, mwekee kwa nota ndogo vipimo viwili vya sauti anayoisikia, kama soprano au kinanda, ili ajue amefika. Mtu aliyenyamaza muda mrefu huingia kwa woga. Nota hizo ndogo humtia moyo.

6. KUGEUZA UKURASA

Mwimbaji aweza kugeuza ukurasa huku akiimba. Mpiga fidla hawezi. Mikono yote miwili ina kazi. Kwa hiyo nakala ya mpigaji ipangwe hivi:

Ikiwa ni kurasa mbili, zichapwe ziwe kushoto na kulia, zikiwa wazi mbele yake. Hakuna kugeuza.

Ikiwa ni kurasa tatu, zichape upande mmoja tu, uziunganishe kwa gundi ya karatasi ubavu kwa ubavu, zikunjwe na kukunjuliwa.

Ikizidi hapo, ukurasa wa kulia uishie mahali penye kimya cha vipimo vichache, hata kama chini patabaki nafasi tupu. Usione haya kuacha nafasi tupu. Mpigaji hatakulaumu kwa karatasi isiyojaa, bali atakulaumu kwa nota zilizompita akiwa anageuza.

Nakala ya mwongozaji yaweza kugeuzwa popote, maana mkono wake mmoja u huru. Kwake jambo kubwa ni mpangilio: vyombo vya mbao juu, kisha vya shaba, kisha ngoma, kisha waimbaji, kisha kinanda na fidla. Mpangilio ukiwa mmoja katika nyimbo zote, jicho lajua pa kutazama.

7. UKUBWA WA NOTA NA HESABU YA KARATASI

Mistari mitano ya nakala ya mpigaji iwe na kimo cha milimita 7 hivi. Kwa mwongozaji milimita 5 zaweza kutosha, ila chini ya 4 ni kumwonea. Maneno ya waimbaji yasiwe chini ya herufi za ukubwa wa 12, maana mazoezi yetu mengi ni ya jioni, na katika kwaya wamo akina mama na wazee ambao macho yao yamechoka.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kwaya ina waimbaji 24 na wapigaji 10. Kila mwimbaji ana kurasa 4 zilizochapwa pande mbili, yaani karatasi 2, jumla 48. Kila mpigaji ana kurasa 3 za upande mmoja, jumla 30. Mwongozaji ana kurasa 12 pande mbili. Jumla karatasi 6. Wimbo mmoja unatumia karatasi 84. Rimu moja ina karatasi 500, hivyo yatosha nyimbo 5.

Lakini tuseme nakala ya mwimbaji imemwagika, mstari mmoja ukaenda peke yake ukurasa wa 5. Kila mwimbaji sasa anahitaji karatasi 3. Wimbo mmoja utatumia karatasi 108, na rimu itatosha nyimbo 4 tu. Mstari mmoja uliopuuzwa umekula wimbo mzima. Basi kabla ya kuchapa, tazama ukurasa wa mwisho. Ukiona mstari umebaki peke yake, punguza kidogo nafasi kati ya mistari, au panga vipimo 5 kwa mstari badala ya 4. Usianze kwa kupunguza ukubwa wa herufi.

8. SIKU YA KUCHAPA

Wengi wetu hatuna mashine ya kuchapa nyumbani. Tunakwenda dukani Njombe mjini au Makambako. Mambo haya yafuatwe:

Peleka PDF, usipeleke faili la programu. Kompyuta ya dukani huenda haina programu yako wala herufi zako, na nota zaweza kutoka kama visanduku vitupu. PDF hubeba herufi zake yenyewe.

Kila nakala iwe faili lake, lenye jina na namba: 01 Mwongozaji, 02 Filimbi, 03 Tarumbeta, na kuendelea. Mwandikie mwenye duka kwenye kipande cha karatasi: faili gani, nakala ngapi, upande mmoja au pande mbili. Asilazimike kukisia.

Mwambie achape kwa ukubwa kamili, yaani asilimia 100, kwenye karatasi ya A4. Mashine nyingi hupunguza ukurasa zenyewe, na milimita zako 7 zitapungua. Wewe acha ukingo wa milimita 15 pande zote, na 20 upande wa kutoboa.

Uliza kama mashine ni ya unga au ya wino wa maji. Kwetu kuna ukungu na mvua kuanzia Novemba hadi karibu na Mei. Wino wa maji hutawanyika karatasi ikipata unyevu. Unga huunguzwa juu ya karatasi na haufutiki kwa maji. Karatasi nazo zifungwe katika mfuko wa nailoni njiani, na zikifika zitunzwe pakavu. Karatasi iliyolowa hukunjamana, tena hukwama mashineni siku ukitaka kuitolea kopi. Na kwa kuwa milango ya kanisa huwa wazi na upepo wetu hauna adabu, kila mpigaji awe na vibanio viwili vya nguo.

Kwanza chapa nakala moja tu ya kila chombo. Iweke mbele ya mpigaji kwa umbali anaopigia, asome. Akiridhika, ndipo uchape zote.

9. KUSAHIHISHA

Kompyuta hupiga wimbo ukausikia, na hilo ni msaada. Lakini sikio husamehe, hasa makosa ya sauti za katikati. Njia iliyo bora ni ya watu wawili: mmoja asome kwa sauti kutoka katika daftari la mtungaji, solfa kwa solfa, na wa pili afuatishe kwa kidole kwenye karatasi mpya. Kisha hesabuni vipimo. Ikiwa mwongozaji ana vipimo 72, kila chombo kiwe na 72. Chini ya kila ukurasa andikeni toleo na tarehe, ili karatasi za zamani zisichanganyike na mpya siku ya sikukuu.

Tena msisahau jina la mtungaji, juu upande wa kulia, pamoja na jina la aliyepanga sauti za vyombo. Kama mtungaji yu hai, aombwe ruhusa kabla ya kuchapa. Nyimbo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata pasipo sheria, kumnyima mtu jina lake juu ya kazi yake si haki.

10. NENO LA MWISHO

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anataja filimbi, kinubi na tarumbeta, na kusema kwamba sauti isiyo wazi haimsaidii msikiaji. Sauti isiyo wazi mara nyingi huanzia kwenye karatasi isiyo wazi. Mpigaji anayelaumiwa kwa kuchelewa huenda alikuwa anatafuta nota zilizobanana, au anageuza ukurasa pabaya.

Basi, ndugu walimu, tusiridhike na wimbo kuwa mzuri kwetu sisi tunaoujua. Tuuandike hata mgeni aufahamu. Na baada ya sikukuu tusiziache karatasi ovyo madhabahuni na kwenye viti. Zikusanywe, zihesabiwe, seti moja ikae katika kabati la kanisa, nyingine kwa mwalimu, na ya tatu ipelekwe katika mtaa mwingine. Nyumba moja ikiungua, wimbo utakuwa umebaki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wenu, ni nyimbo gani ambazo zinajulikana na mtu mmoja tu, au zimo katika daftari moja tu? Ziandikeni majina yake.
2. Wapigaji wenu wa tarumbeta wanasoma sauti kama inavyosikika, au iliyohamishwa? Nani amewauliza?
3. Chukueni nakala ya mpigaji mmoja. Ukurasa unageuzwa wapi? Je, mikono yake i huru hapo?
4. Hesabuni karatasi za wimbo mmoja kwa kwaya yenu. Rimu moja yatosha nyimbo ngapi?

KAZI: Kabla ya sikukuu ijayo, chagueni wimbo mmoja wa zamani kutoka daftarini, mwupange na kuuchapa kwa kufuata somo hili. Anzeni na ule ambao mwenye kuujua ni mzee kuliko wote.